Miaka Mia ya Kumsema Binti

Katika miaka ya 1920 na 1930, maofisa wa Kiingereza waliotawala Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, walikuwa na hofu kwamba watu hawaongezeki upesi. Walipochunguza wakaelezwa kwamba kwa desturi ya Wameru msichana hakutakiwa kuzaa kabla ya kukeketwa, na mimba iliyoingia kabla ya hapo ilitolewa. Wakati ule wasichana walikeketwa wakiwa wamekwisha kupevuka, kwa hiyo kulikuwa na miaka kadhaa ambayo mimba ingeweza kuingia na kutolewa. Dawa waliyoiona maofisa hao ni kwamba wasichana wakeketwe mapema zaidi, kabla ya kuvunja ungo. Amri zikatoka, na mahali pengine wasichana wakakusanywa na kukeketwa kwa mkumbo. Mwanahistoria Lynn Thomas ameiandika habari hii kwa kirefu katika utafiti wake kuhusu siasa za uzazi nchini Kenya.

Ule ulikuwa miongoni mwa mipango ya mwanzo ya serikali, katika Afrika Mashariki, ya kushughulikia mimba za wasichana ambao hawajaolewa. Mwanamume aliyempa binti mimba hatajwi popote katika dawa ile. Aliyebeba tatizo na aliyekatwa mwili ili tatizo liishe ni mmoja. Tabia hiyo haijatutoka hadi leo. Kwa karne nzima tumemfundisha binti, tumemtisha, tumempima, tumemfukuza, na kila mara tumeanzia kwake na kuishia kwake. Katika miaka ishirini na mitano iliyopita watafiti wameanza kupima kwa uangalifu ni mipango ipi hasa inayopunguza mimba za utotoni na ni ipi isiyopunguza. Nimeyasoma matokeo yao kwa miaka mingi, na naona yanaelekea upande mmoja: maneno binti ameyasikia ya kutosha. Alichokosa ni sare, ada, usalama wa njiani, huduma ya zahanati isiyomdhalilisha, na mtu wa kumweleza ukweli kuhusu wanaume wanaomzunguka.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao, na tunapenda kuukumbuka kwa heshima. Pwani, kigori akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo yake, yaani kungwi. Akawekwa ndani, akafundwa unyagoni habari za hedhi, usafi, heshima na mambo ya mume na mke. Bara kulikuwa na mengine. Katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu, Jomo Kenyatta alieleza desturi ya ngwiko, ambapo vijana waliokwisha kupita jandoni waliruhusiwa kulala pamoja na kubembelezana bila kuingiliana, chini ya macho ya rika lao. Aliyevunja mwiko alihukumiwa na wenzake. Wamishenari waliiona desturi hiyo kuwa uchafu na wakaipiga vita, na nafasi yake haikuchukuliwa na kitu.

Lakini tusijidanganye kuhusu enzi zile. Sababu kubwa ya mimba za nje ya ndoa kuwa chache ni kwamba muda kati ya kuvunja ungo na kuolewa ulikuwa mfupi. Binti wa miaka 15 kuwa na mtoto mgongoni halikuwa tatizo kwa mtu, mradi ana mume. Kama alipasuka wakati wa kujifungua, kama alikufa, ilihesabiwa kuwa ni kazi ya Mungu.

Shule ndiyo iliyorefusha muda huo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na ndani ya miaka michache madarasa yakajaa wasichana ambao mama zao hawakuwahi kukalia dawati. Binti sasa alifika miaka 15 au 16 bado yuko darasa la saba, mwili wake umekomaa, na njia ya kwenda shule inapita porini au kwenye vilabu vya pombe. Kungwi alikuwa amebaki nyumbani. Mwalimu naye hakupewa ruhusa wala maarifa ya kuyasema aliyoyasema kungwi.

Na yule mwanamume? Sheria ilimtazama kidogo tu. Kenya ilitunga mwaka 1959 sheria iliyompa mwanamke asiyeolewa haki ya kumshtaki baba wa mtoto wake ili amtunze. Wanaume wakailalamikia kwamba inawatajirisha wasichana wahuni, na mwaka 1969 Bunge lisilokuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa likaifuta. Tanganyika ilikuwa na sheria ya aina hiyo tangu mwaka 1949, lakini kiwango cha matunzo kiliwekewa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na shilingi hizo 100 zikabaki kwenye vitabu wakati bei ya kila kitu ikipanda, hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta sheria ile. Nadhani hakuna kinachoonyesha kipaumbele chetu vizuri zaidi ya hicho kikomo.

Kwa msichana sheria ilikuwa macho zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania ilimruhusu kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikaweka kwamba kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali, isipokuwa kama ni mke wa mtu na ametimiza miaka 15. Shuleni, mwenye mimba alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 hazikutaja mimba kwa jina. Zilisema mwanafunzi anaweza kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kufunga ndoa, na wakuu wa shule wakaisoma mimba kuwa ndilo kosa hilo. Kukawa na upimaji wa lazima: wasichana wakipangwa mstari, matroni akiwabonyeza tumbo au kuwapa kikopo cha mkojo. Wengi waliuona upimaji huo kuwa ni kinga. Hata hivyo kipimo hugundua mimba iliyokwisha kuingia. Hakiizuii.

Miaka ya 1990 ilileta lugha mpya. Mkutano wa Cairo wa mwaka 1994 ulizitaka serikali zikubali kwamba vijana nao wana haki ya kupata elimu na huduma za uzazi. Kenya ikaweka mwaka huohuo sera ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Miongozo ya uzazi wa mpango ya Tanzania ikafungua mlango kwa vijana wasioolewa, na UMATI, chama ambacho mizizi yake ni ya Dar es Salaam ya mwaka 1959, kikawa mstari wa mbele. Upinzani ulikuwa mkali. Mwaka 1996 Kadinali Maurice Otunga na Sheikh Ali Shee walisimama pamoja katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, kondomu na vitabu vya elimu ya ujinsia vikachomwa moto. Viongozi wale hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba kumweleza kijana ni kumruhusu. Ni dai linaloweza kupimwa, na limepimwa mara nyingi tangu hapo, katika nchi nyingi. Elimu ya ujinsia haijaonekana kuwafanya vijana waanze ngono mapema.

Dai jingine, kwamba kumhimiza kijana ajizuie kunatosha, nalo lilipimwa. Kuanzia mwaka 2004 mfuko wa Marekani wa kupambana na ukimwi, PEPFAR, ulimwaga fedha nyingi katika mipango ya kuwahimiza vijana wajizuie hadi ndoa. Tanzania, Kenya na Uganda zilipata fungu lao, na mabango yakajaa barabarani. Mwaka 2016 watafiti walichapisha ulinganisho wa nchi 14 zilizopata fedha hizo na 8 zisizozipata, wakitumia taarifa za karibu watu 500,000. Zaidi ya dola bilioni 1.4 zilikuwa zimetumika. Hawakuona uhusiano wowote kati ya fedha hizo na umri wa kuanza ngono, idadi ya wapenzi, wala mimba za utotoni.

Msomaji anaweza kudhani basi kwamba jibu ni elimu kamili, yenye kondomu na zahanati ndani yake. Hapo ndipo Mwanza inapoingia, na nataka tukae nayo kidogo.

Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo kimoja cha tiba cha London walianzisha vijijini Mwanza mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Ulikuwa mradi mzuri kwa kila kigezo cha wakati wake. Walimu walifunzwa kuendesha vipindi kuanzia darasa la tano hadi la saba, wakisaidiwa na waelimishaji rika. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Vijana wa vijijini waliuza kondomu kwa bei nafuu, na jamii zilishirikishwa kwa mikutano na michezo. Muhimu zaidi, jamii 20 ziligawanywa kwa kura, 10 zikapata mradi na 10 zikasubiri, ili ijulikane kwa hakika mradi umeleta nini. Vijana zaidi ya 9,600 walifuatiliwa.

Mwaka 2002 majibu yalitoka. Vijana wa upande wenye mradi walijua mengi zaidi, walisema mambo ya busara zaidi, na wavulana waliripoti mabadiliko fulani ya mwenendo. Mimba zilikuwa zilezile. Maambukizi ya virusi vya ukimwi yalikuwa yaleyale. Watafiti hawakukata tamaa. Walirudi mwaka 2007 na 2008 wakapima vijana 13,814 wa miaka 15 hadi 30, wakidhani pengine mbegu ilihitaji muda. Maarifa yalikuwa bado yapo. Mimba hazikupungua.

Kwa nini? Watafiti walioishi vijijini humo, wakala na wenyeji na kusikiliza mazungumzo ya kisimani, walitoa maelezo ambayo mama yeyote wa kule angeweza kuyatoa. Mapenzi yaliambatana na kupewa kitu: sabuni, mafuta ya kujipaka, pesa ya daftari. Msichana aliyetoka patupu alichekwa na wenzake. Wazazi wengine waliona binti analeta chumvi nyumbani wakanyamaza. Serikali haikuruhusu maonyesho ya kondomu darasani. Tena wako walimu waliofundisha kujihadhari asubuhi na kuwataka wanafunzi hao hao jioni. Mradi ulimwongezea binti maarifa, ukamwacha na umaskini uleule, mbele ya wanaume walewale, katika shule ambayo wengi wangeimaliza darasa la saba bila pa kwenda.

Ng'ambo ya Ziwa, magharibi mwa Kenya, katika maeneo ya Bungoma na Butere-Mumias, kulifanyika jambo ambalo ningependa kila ofisa elimu wa wilaya alijue. Mwaka 2003 wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza kazi katika shule za msingi 328. Baadhi ya shule walimu wao walifunzwa mtaala wa taifa wa ukimwi, uliosisitiza kujizuia. Nyingine wanafunzi walipewa sare bure. Nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Mafunzo ya walimu peke yake hayakupunguza mimba. Sare peke yake zilipunguza: baada ya miaka mitatu wasichana waliokuwa wamewahi kupata mimba walishuka kutoka asilimia 16 hadi 13, na walioacha shule walishuka kutoka 19 hadi 16. Hakuna aliyewaambia kitu kuhusu ngono. Walipewa sababu ya kubaki darasani, na msichana anayebaki darasani ana cha kupoteza.

Kisha Dupas akaongeza jaribio dogo. Katika shule 71, mgeni aliingia darasa la nane kwa dakika 40 tu. Aliwaonyesha filamu fupi kuhusu watu wazima wanaowanunulia wasichana zawadi, halafu akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa umri na jinsia. Wasichana wakaona kwa macho yao kwamba kijana wa rika lao ana hatari ndogo, na kwamba mwanamume wa miaka 30 mwenye pesa ndiye mwenye hatari kubwa. Mwaka uliofuata mimba katika madarasa hayo zilipungua kwa asilimia 28, na upungufu ulitokea hasa katika mimba za wanaume wakubwa. Dakika zile 40 zilikuwa maneno pia, nakubali. Tofauti yake na mahubiri ni kwamba zilimtaja mwanamume. Zilimpa binti habari anayoweza kuitumia kuchagua, badala ya kumwambia ajizuie na kumwacha hapo.

Tanzania nayo ilijaribu kumtaja mwanamume. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampeni ya redio ilimleta Fataki, mtu mzima mwenye gari na fedha anayewawinda wasichana, na kila mara mtu wa jirani anamwumbua kabla hajafaulu. Jina lilienea kutoka redioni hadi vijiweni. Nilipenda sana jinsi ilivyowapa kazi mama lishe, kondakta na shangazi, kwa kuwa mara nyingi wao ndio walioshuhudia na kunyamaza.

Fedha na kazi ni njia nyingine. Huko Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, familia za wasichana zilipewa kiasi kidogo cha fedha kila mwezi. Waliopewa bila sharti walipunguza mimba na ndoa za mapema kwa kiwango kikubwa, hasa miongoni mwa wale walioacha shule. Fedha zilipokoma, mafanikio hayo yakayeyuka ndani ya miaka michache. Uganda, shirika la BRAC lilianzisha mwaka 2008 klabu za wasichana zilizochanganya stadi za maisha na mafunzo ya kazi za mikono. Baada ya miaka minne, katika jamii zenye klabu mimba za utotoni zilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja. Klabu hizohizo zilipoletwa Tanzania, zikaendeshwa kwa rasilimali finyu zaidi, hazikuleta badiliko la maana. Mpango hauhami kwa jina lake tu. Unahama pamoja na bajeti, walezi na chumba cha kukutania.

Huduma za afya nazo hazikwepeki, kwa sababu wako vijana watakaofanya ngono hata wakiwa na sare na ada. Miongozo iliwaruhusu tangu miaka ya 1990, lakini muuguzi aliye zahanati ni shangazi wa mtu na jirani wa mtu, na swali lake la kwanza kwa msichana huwa "umeolewa?" Msichana anageuka na kuondoka bila sindano wala kijiti. Uingereza ilijifunza kwamba hilo lahitaji muda. Mwaka 1999 ilianza mkakati wa miaka kumi uliounganisha elimu shuleni, zahanati za vijana na msaada kwa wazazi wadogo, kila halmashauri ikipewa lengo lake. Mimba za walio chini ya miaka 18 zilikuwa 46.6 kwa kila wasichana 1,000 mwaka 1998; mwaka 2014 zilikuwa 22.8. Mipango yetu mingi huishi miaka mitatu, kisha gari lenye nembo ya mradi hugeuza.

Takwimu zetu zinaonyesha mwendo wa kusuasua. Nchini Kenya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wamezaa au wana mimba walikuwa asilimia 23 mwaka 2003, 18 mwaka 2014 na 15 mwaka 2022. Tanzania walikuwa asilimia 26 mwaka 2004 na 2005, wakashuka hadi 23 mwaka 2010, wakapanda hadi 27 mwaka 2015 na 2016, na mkoani Katavi wakafikia asilimia 45. Katika kipindi hicho cha kupanda hatukukosa mabango wala semina.

Kilichofuata Tanzania tunakikumbuka wote. Mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa ada, na sheria ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali, akiamini kwamba kumrudisha kungewafundisha wengine. Zanzibar, ndani ya Jamhuri hiyohiyo, ilikuwa imewaruhusu warudi kwa miaka kadhaa bila shule zake kuharibika. Septemba 2018 matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa. Ni Novemba 2021 ndipo serikali iliporuhusu waliojifungua warudi, na mwaka uliofuata kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto ikaamua kwamba kuwapima kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 22. Mimi sioni kwamba hofu ya kufukuzwa ndiyo iliyoshusha namba hiyo. Kufukuza kulikuwepo miaka yote ya asilimia 26 na 27.

Ushahidi wa nguvu ya shule ulikuja kwa njia ya huzuni, wakati wa uviko. Watafiti waliokuwa wakifuatilia wanafunzi wa kike wa sekondari huko Siaya, Kenya, walilinganisha waliokumbwa na kufungwa kwa shule mwaka 2020 na waliowatangulia. Waliopata mimba kabla ya kumaliza walikuwa asilimia 5.2 miongoni mwa waliotangulia, na 10.9 miongoni mwa waliofungiwa. Wasichana walikuwa wa eneo lilelile na walikuwa wamefundishwa yaleyale. Kilichoondolewa ni darasa.

Kwa hiyo nikiulizwa pesa ziende wapi, hasa sasa ambapo agizo la Marekani la Januari 2025 la kusimamisha misaada limezima miradi mingi, nasema ziende kwenye kupunguza umbali. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 2000, wasichana wengi walijikuta wakitembea kilomita nyingi alfajiri na magharibi, au wakipanga geto karibu na shule: chumba cha udongo kisicho na mlango wa maana, wasichana watatu wa miaka 15, unga umekwisha Jumatano. Dereva wa bodaboda anayewapa lifti na muuza duka anayewakopesha unga wanajulikana kijiji kizima. Hosteli yenye mlezi, au shule iliyo karibu zaidi, inawaondoa watu hao wawili katika maisha ya binti kwa siku tano za wiki. Na Bunge la Tanzania limalize kazi yake: Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilithibitisha kwamba vifungu vya ndoa ya miaka 14 na 15 ni kinyume cha Katiba. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka huo ulipita, na mingine ikafuata, vifungu vikiwa palepale.